Gogo Lililokataa Kuzama: Kufundisha Kuelea na Kuzama kwa Kutumia Tangi la Samaki

Utangulizi

Mwalimu anayeanza kazi na kupewa darasa lake mwenyewe, aghalabu hupenda kuwa na tangi la samaki katika kona ya sayansi. Kupenda huko ni kwema. Tangi dogo la kioo, mchanga uliooshwa, mimea michache ya majini na perege wachanga watatu au wanne hutosha kuwafunza watoto mambo ambayo picha ya kitabuni haiwezi kuyafunza. Baada ya siku chache mwalimu huona kwamba samaki hawana mahali pa kujificha. Basi huenda ufukoni, huokota gogo dogo lililosuguliwa na mawimbi, akalitia tangini. Gogo huelea. Hulisukuma chini kwa mkono. Akiliachia, huibuka tena. Watoto hucheka, naye mwalimu huona haya.

Katika makala haya tunataka kueleza mambo mawili. La kwanza ni jinsi ya kulifanya gogo la namna hiyo lizame na kukaa chini bila kuwadhuru samaki. La pili, ambalo ndilo kubwa zaidi, ni jinsi ya kulitumia gogo hilohilo kufundishia mada ya kuelea na kuzama. Mwalimu hana sababu ya kuona haya mbele ya gogo linaloelea. Somo limemjia lenyewe hadi mezani pake. Kazi iliyobaki ni kulipokea.

Tuliyoyaona darasani

Tulianza kulifikiria jambo hili kwa makini wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi iliyo kando ya Ziwa Viktoria. Mwalimu mwanafunzi mmoja alikuwa akifundisha Darasa la Tano. Andalio lake la somo lilikuwa safi, zana zake zimepangwa vizuri mezani, nasi wakufunzi tulikuwa tumeketi nyuma na karatasi zetu za kutolea alama. Alitia msumari majini, ukazama. Alitia kipande cha mti, kikaelea. Kisha akaandika ubaoni: "Vitu vizito huzama. Vitu vyepesi huelea. Miti huelea kwa sababu ni myepesi." Watoto wakanakili.

Msichana mmoja akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, nyavu za baba hukwama kwenye magogo yaliyo chini ziwani. Mbona hayo hayaelei?" Mwalimu akasita kidogo, kisha akajibu: "Hayo yameshikwa na matope. Tuendelee na somo." Msichana akaketi. Hakuuliza neno jingine hadi kipindi kilipokwisha.

Jioni tulipokaa kulijadili somo lile, tayari tulikuwa tumelipa alama nzuri kwa mpangilio na kwa matumizi ya zana. Lakini swali la mtoto yule lilitusumbua. Tulipofungua maandalio ya nyuma tuliyokwisha kuyapitisha, tuliikuta sentensi ileile mara kadhaa, na pembeni yake alama yetu ya vema, kwa wino wetu wenyewe. Kosa basi halikuwa la mwalimu mwanafunzi peke yake. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nasi tulikuwa tumemshuhudia mtoto aliyeuliza akirudishwa kitini bila kitu. Tukakubaliana kwamba mada ile ifundishwe upya, pole pole, na gogo la ufukoni liwe ndiyo zana kuu.

Kosa lililomo katika sentensi ile

Kwanza hatuna budi kuisahihisha akili yetu wenyewe kabla ya kusahihisha za watoto. Kusema kwamba vitu vizito huzama na vyepesi huelea ni kusema jambo linalopingwa na macho kila siku. Gogo la mvule ambalo watu wanne hawawezi kuliinua huelea. Msumari ambao mtoto aweza kuushika kwa vidole viwili huzama. Meli iliyotengenezwa kwa tani nyingi za chuma huelea, na kijiwe kidogo huzama. Wala si kweli kwamba kila mti huelea. Kipande cha mpingo, hata kikiwa kikavu kabisa, kikitiwa majini huenda chini moja kwa moja. Mwalimu aweza kupata kipande kidogo kwa wachonga vinyago, nacho ni zana isiyosahaulika.

Swali la kuuliza, basi, si kama kitu ni kizito au ni chepesi. Twapaswa kuuliza hivi: kitu hiki kina uzito gani kikilinganishwa na maji yenye ujazo uleule? Archimedes wa Syracuse, aliyeishi katika karne ya tatu kabla ya Kristo, ndiye anayekumbukwa kwa kuliweka jambo hili wazi: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa mahali pake. Kama kitu kizima kina uzito mdogo kuliko maji ya ujazo wake, kitaelea. Kama kina uzito mkubwa kuliko maji hayo, kitazama. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1. Kwa hiyo kila kitu ambacho sentimita yake moja ya ujazo ina chini ya gramu 1 huelea, na kile kilicho juu ya hapo huzama. Uzito huo wa kila sentimita ya ujazo ndio tunaouita msongamano. Neno lenyewe lisiharakishwe kwa watoto. Maana itangulie, jina lifuate.

Yaliyomo ndani ya mti

Sasa twaweza kulishughulikia swali la msichana yule. Magogo yaliyo chini ya ziwa ni miti kama miti mingine, na yamkini yalipoanguka majini yalielea kwa muda mrefu. Ni nini kilichobadilika?

Jibu limo ndani ya mti. Mti hai umejaa mirija myembamba mno inayopandisha maji kutoka mizizini hadi majanini. Mti ukifa na kukauka, maji hutoka katika mirija na seli hizo, na hewa huingia mahali pake. Kuta za seli zenyewe, yaani ule mti halisi usio na nafasi ndani yake, ni nzito kuliko maji: zina karibu gramu 1.5 kwa kila sentimita ya ujazo, na kiasi hicho hakitofautiani sana kati ya mti mmoja na mwingine. Kinachoutofautisha mninga na mpingo ni wingi wa nafasi zilizomo. Mpingo una kuta nene na nafasi chache. Miti myepesi ina kuta nyembamba na nafasi nyingi. Kinachoelea, kwa kweli, ni ile hewa iliyofungiwa ndani ya mti. Hewa ikitoka na maji yakaingia, mti wowote wa kawaida utazama. Gogo la ziwani halikushikwa na matope. Lilikunywa maji mpaka likawa zito kuliko maji yaliyolizunguka, likaenda chini, na matope yakaja baadaye.

Hesabu ya gogo moja

Watoto wa madarasa ya juu waweza kulithibitisha jambo hili kwa hesabu. Tuchukue mfano wa gogo kavu lenye ujazo wa sentimita 600 na uzito wa gramu 360. Tukigawa 360 kwa 600 tunapata 0.6, kwa hiyo litaelea. Je, ndani yake mna mti halisi kiasi gani? Tukigawa gramu 360 kwa 1.5 tunapata sentimita za ujazo 240. Zilizobaki, yaani 360, ni nafasi zenye hewa. Gogo ambalo mtoto aliliona kuwa ni kitu kigumu kitupu kumbe zaidi ya nusu yake ni hewa.

Ili gogo hilo lizame, uzito wake sharti upite gramu 600. Lazima basi linywe zaidi ya gramu 240 za maji. Nafasi zilizopo ni sentimita 360. Kwa hiyo thuluthi mbili za nafasi hizo hazina budi kujaa maji. Hapo mtoto ataelewa kwa nini gogo haliwezi kuzama kwa siku moja. Maji yanapaswa kupita katika mirija iliyo myembamba kuliko unywele na kuiondoa hewa ambayo haina mlango mpana wa kutokea. (Gogo likilowa huvimba kidogo, lakini kwa kazi ya darasani twaweza kuliacha jambo hilo kando.)

Kupima bila mizani

Mwalimu atatuuliza: shule isiyo na mizani ifanyeje? Maji yenyewe ndiyo mizani. Chukua ndoo au chombo kipana, ukiweke ndani ya beseni kavu, ukijaze maji mpaka ukingoni kabisa. Literemshe gogo taratibu lielee. Maji yatamwagika katika beseni. Yapime kwa chupa yenye alama za mililita. Kwa kuwa kitu kinachoelea huondoa maji yenye uzito sawa na wake, na kila mililita moja ina gramu 1, maji yaliyomwagika ndiyo uzito wa gogo. Katika mfano wetu yatakuwa mililita 360.

Kisha lisukume gogo kwa ncha za spoku mbili za baiskeli mpaka lifunikwe lote na maji. Maji mengine yatamwagika. Jumla ya maji yote yaliyomwagika ndiyo ujazo wa gogo, yaani mililita 600. Kwa chombo, beseni, chupa na spoku mbili, darasa limepata uzito na ujazo. Twawashauri walimu wanafunzi wayajaribu haya chuoni kwanza, kwa kuwa mkono usiozoea huyamwaga maji kabla ya wakati.

Kuchagua gogo

Si kila mti wafaa kutiwa katika maji ya samaki. Gogo liwe limekufa na kukauka muda mrefu, liwe gumu, lisiwe limeoza wala kumumunyika kwa ukucha. Miti yenye utomvu mwingi kama msonobari iachwe. Mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ya kuzuia mchwa zisitumiwe kabisa. Kadhalika tuiepuke mimea kama mnyaa na utupa, ambayo wavuvi wa zamani waliijua kwa kuwalevya na kuwaua samaki. Kama mwalimu hautambui mti aliouokota, amwulize mzee wa mahali pale. Asipopata jibu, autupe.

Wenzetu walio pwani wakumbuke mambo mawili. Gogo lililotoka baharini limenyonya chumvi, na kabla ya kutiwa katika maji baridi lazima lilowekwe katika maji yasiyo na chumvi, yakibadilishwa mara kwa mara. Tena, mikoko iliyo hai inalindwa na sheria. Pasiwe na mtoto anayetumwa kukata mkoko kwa ajili ya tangi la darasa.

Walio kando ya maziwa na mito wasiwaingize watoto majini kutafuta magogo. Kichocho hupatikana katika maji yenye konokono waenezao ugonjwa huo, na mamba na viboko si hadithi tu. Gogo litafutwe mahali pakavu, na mwalimu awepo. Kisha liachwe juani hadi likauke vizuri, lisije likaleta konokono darasani.

Walio karibu na Ziwa Tanganyika wana jambo la ziada la kuangalia. Maji ya ziwa hilo yana hali ya besi, na samaki wake wameyazoea hivyo. Mti hutoa tanini inayoyavuta maji upande wa asidi. Kwa samaki wa ziwa hilo mawe ni makazi bora kuliko magogo mengi.

Njia tatu za kulizamisha

Njia ya kwanza ni kuloweka. Gogo husuguliwa kwa brashi na maji matupu bila sabuni, hutiwa katika pipa au ndoo, na jiwe huwekwa juu yake ili lisibaki nusu nje. Maji hubadilishwa kila baada ya siku chache. Kipande chembamba huweza kuzama katika siku au majuma machache. Gogo nene huweza kuchukua miezi. Maji yatageuka rangi ya chai. Hiyo ni tanini, ile ambayo watengenezaji ngozi huipata katika magamba ya miti. Kwa kiasi kidogo haiwadhuru perege, lakini kadiri inavyotolewa mapema ndivyo maji ya tangi yatakavyokuwa maangavu.

Njia ya pili ni kuchemsha. Hapa kuna siri ambayo wengi huikosa. Gogo linapochemka, hewa iliyomo ndani hupanuka na kutoka kwa mapovu. Maji yaliyomo humo hugeuka mvuke na kuisukuma hewa iliyobaki. Moto ukizimwa na gogo likaachwa lipoe likiwa chini ya maji yaleyale, mvuke hurudi kuwa maji, nafasi zikabaki karibu tupu, na kanieneo ya hewa ya nje huyasukuma maji kuingia humo. Lakini gogo likitolewa likiwa bado la moto, hewa ndiyo itakayoingia, na kazi yote itakuwa bure. Kwa hiyo lichemshwe saa moja au zaidi, liachwe lipoe majini, kisha lirudiwe tena. Debe la kuchemshia lisiwe la kupikia chakula. Kazi hii ifanywe na mwalimu, watoto wakitazama kwa mbali; wala asitumie sufuria iliyofungwa kwa mfuniko wa kubana, kwa sababu mvuke uliofungiwa hupasua.

Njia ya tatu ni kulifungia jiwe. Njia hii ni ya haraka, na ina somo lake. Gogo letu la gramu 360 linahitaji kuvutwa chini kwa uzito wa gramu 240. Mwulize mtoto: je, jiwe la gramu 240 litatosha? Atasema litatosha. Halitoshi, kwa kuwa jiwe nalo likiwa majini husukumwa juu. Mawe mengi yana gramu 2.5 au zaidi kidogo kwa kila sentimita ya ujazo. Jiwe la gramu 400 lina ujazo wa sentimita 160. Majini linapungukiwa gramu 160, likabaki na gramu 240 za kuvuta chini. Kwa hiyo jiwe lizidi gramu 400.

Jiwe liwe gumu na lisilomumunyika, mfano wa yale ya vilima vya Mwanza. Ukilidondoshea siki likatoa mapovu, ni jiwe la chokaa au la matumbawe. Hilo huyabadilisha maji, basi litafutwe jingine. Lifungwe kwa uzi wa nailoni wa kuvulia. Waya wa shaba usitumiwe, kwa kuwa shaba ni sumu kwa samaki. Wala waya uliopakwa zinki. Gogo lisibanwe kati ya kioo na kioo, maana likivimba huweza kulipasua tangi.

Mpangilio wa masomo

Twapendekeza mada hii igawanywe katika hatua tano, na kati ya hatua na hatua upite muda wa kutosha.

Hatua ya kwanza: utabiri. Mwalimu aweke mezani vitu vinane au kumi: msumari, kizibo, kipande cha mninga, kipande cha mpingo, jiwe, embe bichi, mshumaa, chupa tupu iliyozibwa, na chupa kama hiyo iliyojaa mchanga. Kila mtoto aandike kitakachozama na kitakachoelea kabla ya kujaribu. Utabiri uliokosewa usifutwe daftarini. Ubaki pale, na matokeo yaandikwe mbele yake. Chupa mbili zile ndizo zitakazobeba somo, kwa sababu ukubwa wao ni mmoja na tofauti ni kilichomo ndani.

Hatua ya pili: gogo latiwa majini. Lipimwe kama tulivyoeleza, na mstari wa penseli uchorwe mahali maji yanapofikia. Mwalimu aulize: "Tukiliacha majini, mwezi ujao litakuwaje?" Majibu yote yaandikwe ubaoni, hata yale yanayochekesha. Mwalimu asionyeshe kwa uso wala kwa sauti lipi ni jibu lake.

Hatua ya tatu: kumbukumbu za kila juma. Vikundi vipokezane kazi ya kulipima gogo na kuchora mstari mpya. Mistari itapanda kidogo kidogo. Uzito uchorwe katika grafu. Darasa litaona kwamba gogo hunywa maji mengi katika majuma ya mwanzo, kisha hupunguza mwendo. Mtoto aliyedhani kwamba grafu ni mchoro wa mtihani tu, hapa ataiona ikieleza jambo alilolitenda kwa mikono yake.

Hatua ya nne: jaribio la mlinganisho. Vikatwe vipande viwili vilivyo sawa kutoka tawi moja. Cha kwanza kizibwe ncha zote mbili kwa nta ya mshumaa; cha pili kiachwe wazi. Vyote vilowekwe pamoja. Kile kilichozibwa kitachelewa sana kunywa maji, maana mirija ya mti imelala kwa urefu na milango yake iko nchani. Mtoto atakumbuka aliyojifunza katika mada ya mimea, kwamba maji hupanda kwa mirija, na masomo mawili yatashikana mikono.

Hatua ya tano: gogo lazama. Siku hiyo darasa liandike maelezo kwa maneno yao. Ndipo neno msongamano litolewe, kwa kuwa sasa lina kitu cha kulibeba.

Mambo ya kuangalia tangini

Baada ya gogo kutiwa tangini, utando mweupe kama ute huenda ukalifunika kwa muda. Watoto hushtuka. Aghalabu ni kuvu na bakteria wanaokula sukari iliyobaki katika mti, na haudumu. Mwalimu aweza kuufuta kwa brashi. Lakini gogo likitoa harufu ya mayai viza, liondolewe mara moja, kwa kuwa linaoza ndani. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku nzima kabla ya kutiwa tangini. Kwa samaki, uharaka wa mwalimu ni hatari kuliko upungufu wa vifaa. Watoto wanaotuona tukisubiri majuma kadhaa kwa ajili ya perege watatu, hujifunza pia jinsi kiumbe dhaifu anavyotunzwa.

Tathmini

Maswali ya kutathmini yasimwombe mtoto kukariri. Twatoa mifano: Kwa nini gogo lililokatwa leo ni zito kuliko lilipokaa juani miezi sita? Mtumbwi uliotoboka ukijaa maji, kwa nini wa mbao nyepesi hubaki karibu na uso wa maji, na meli ya chuma huenda chini? Boya la wavu likipasuka na kuanza kunyonya maji, mvuvi atapata hasara gani? Jibu linalosema "kwa sababu ni zito" peke yake lisipewe alama zote, hata kama mwanafunzi ameandika kwa mwandiko mzuri. Aulizwe: zito kuliko nini?

Hitimisho

Katika shule tuliyoitaja, kazi hii ilichukua muda wote uliobaki wa mazoezi ya kufundisha. Kulikuwa na majuma ambayo gogo halikuonyesha badiliko lolote la kuonekana kwa macho, na mwalimu mwanafunzi alitujia akiomba ruhusa ya kulifungia jiwe ili somo limalizike. Tulimwomba avumilie. Asubuhi moja watoto walifika wakalikuta gogo limelala chini ya ndoo, wakamkimbilia kabla hajaingia darasani.

Siku hiyo, kabla ya kuandika lolote ubaoni, mwalimu yule alisema mbele ya darasa: "Mwenzenu aliniuliza swali juu ya magogo ya ziwani, nami sikumjibu sawasawa. Swali lake lilikuwa zuri, na jibu langu lilikuwa la makosa. Leo nataka atujibu yeye." Msichana akasimama, akaeleza habari ya hewa na maji kwa sentensi nne au tano, kwa sauti ndogo lakini bila kukosea. Alipomaliza, kabla ya kuketi, aliongeza swali: "Je, magogo yale ya ziwani yakitolewa na kukaushwa, yataelea tena?" Mwalimu akasema hajapata kujaribu, na kwamba wangejaribu pamoja.

Nanyi, walimu wanafunzi mtakaokwenda shuleni muhula ujao, anzeni hapo. Okoteni gogo, lipimeni, litieni majini, na yaandikeni maswali ya watoto mahali ambapo hayatafutwa.